DAWA INAYOTAFUTWA NA DAWA ILIYO MKONONI



Yapo maneno yanayopita siku hizi katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika upande wa Temeke mpaka Tandale na Tegeta upande wa Kinondoni. Hupita ndani ya daladala, hupita barazani baada ya sala ya alasiri, na kwa wingi zaidi hupita katika simu za mkononi. Husemwa ya kwamba wataalamu wa ng'ambo wamekwisha kuvumbua mkasi mdogo mno usioonekana kwa macho, nao huingia ndani ya mwili wa mgonjwa ukavikata virusi vya UKIMWI visibaki hata kimoja. Kisha msemaji aghalabu huongeza neno lake mwenyewe: "Basi vidonge vya nini tena?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu. Habari ya mkasi ina ukweli ndani yake, nasi tutaieleza kadiri inavyojulikana. Lakini neno la kuacha vidonge limekwisha kuwaua watu, na litaua wengine kama hakuna atakayelikanusha mapema.

Ugonjwa huu katika nchi yetu si hadithi ya mbali. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ilipofika mwaka 1986 haukubaki mkoa hata mmoja wa Tanzania Bara usiokuwa na mgonjwa. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha ya kwamba katika kila watu mia moja wenye miaka 15 na zaidi, wapatao wanne na zaidi kidogo wanaishi na virusi hivyo, yaani watu wazima zaidi ya milioni moja na nusu. Basi, ewe msomaji, hata kama hukujua, umekwisha kuketi na mmoja wao katika daladala, umesimama naye safu moja katika sala, na huenda ukala naye sahani moja.

Kwa hiyo inatupasa kujibu maswali matatu. Je, habari ya mkasi huo ni kweli? Kama ni kweli, je, ni halali kwa mwanadamu kuutumia? Na hata tiba hiyo ikiwa ni kweli na halali, sisi tufanye nini leo?

MKASI HUO NI KITU GANI?

Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya kila chembe hai ya mwili wetu maandishi ya ajabu, ambayo wataalamu huyaita jeni au vinasaba. Kwa maandishi hayo chembe hujua kazi yake: hii iwe ya jicho, ile iwe ya ini, nyingine iwe ya damu. Virusi vya UKIMWI huingia katika baadhi ya chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, na humo hupachika maandishi yao katikati ya maandishi ya mwenye mwili. Mfano wake ni tapeli aliyeingia ofisini kwa siri akaandika jina lake ndani ya hati ya kiwanja cha mtu mwingine. Wakazi wa mitaa yetu wanaijua vema balaa ya namna hiyo.

Vidonge vinavyotolewa hospitalini humzuia tapeli huyo asizae wenziwe na kuenea, lakini havilifuti jina lake katika hati. Baadhi ya chembe zilizoingiliwa hulala miaka mingi, wala vidonge havizifikii katika usingizi wao. Ndiyo maana mtu aliyemeza vidonge miaka kumi, akawa na afya njema na uso wenye nuru, akiviacha, kwa kawaida virusi huamka baada ya wiki chache na kuanza kazi yao ya uharibifu.

Tumaini la kulifuta jina hilo kabisa lilipata nguvu kwa habari ya Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin. Alikuwa na virusi vya UKIMWI na kansa ya damu pia. Mwaka 2007 madaktari walimpandikizia uboho wa mtu ambaye chembe zake, kwa maumbile, hazina mlango mmoja uitwao CCR5, ambao ndio mlango ambao virusi hivyo hupenda kuingilia. Virusi havikurudi tena mwilini mwake hadi alipofariki mwezi Septemba 2020, tena alifariki kwa kansa, si kwa UKIMWI. Baadaye Adam Castillejo, aliyetibiwa London, alipata upandikizaji wa namna hiyo mwaka 2016, na habari ya kupona kwake ikatangazwa ulimwenguni mwaka 2019. Lakini upandikizaji wa uboho ni tiba ya hatari yenye kuua baadhi ya wanaoupata, wala hafanyiwi mtu kwa ajili ya virusi vya UKIMWI peke yake. Tena watu waliozaliwa bila mlango huo ni wachache huko Ulaya, na katika Afrika ni nadra mno kuwaona.

Hapo wataalamu wakajiuliza: je, hatuwezi kuufunga mlango huo kwa mikono yetu, au kuyakata maandishi ya virusi yenyewe? Mwaka 2012 ilitangazwa njia mpya ya kukata vinasaba mahali maalumu, iitwayo CRISPR, na wanawake wawili, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020 kwa sababu yake. Huu ndio mkasi unaosemwa mitaani.

Na umefika wapi? Huko China mgonjwa mmoja mwenye kansa ya damu na virusi vya UKIMWI alipandikiziwa chembe zilizofungwa mlango kwa mkasi huo. Habari yake iliyochapishwa mwaka 2019 ilisema ya kwamba hakudhurika, lakini chembe zilizobadilika zilikuwa chache mno kuweza kumponya. Huko Marekani, mwaka 2022, ulianza kujaribiwa mkasi mwingine unaoingizwa mwilini kwa sindano ili kuyakata maandishi ya virusi humo humo yalimojificha. Mwaka 2024 watafiti walieleza matokeo: wagonjwa hawakupata madhara makubwa, lakini watatu walioacha vidonge chini ya uangalizi walirudiwa na virusi wote. Kwa mmoja wao tu vilichelewa kurudi, akakaa kama wiki 16.

Naam, hii ndiyo hali ya mambo. Mkasi upo, na wataalamu wanazidi kuunoa. Lakini hakuna mtu hata mmoja, Marekani wala China wala Mbagala, aliyekwisha kuponywa UKIMWI kwa mkasi huo. Akuambiaye vinginevyo ama hajui, ama anataka fedha zako.

JE, NI KUINGILIA KAZI YA MUUMBA?

Wapo ndugu wanaosema ya kwamba kugusa vinasaba ni kubadili umbile aliloliumba Mwenyezi Mungu, na ya kwamba Kurani Tukufu imetuonya juu ya Shetani aliyeapa kuwaamrisha wanadamu walibadili umbile hilo. Hofu yao si ya kudharauliwa, maana inatoka katika heshima ya kazi ya Muumba. Lakini tuitazame kwa makini.

Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alipoulizwa na watu wa jangwani kama ni vema kujitibu, aliwaagiza wajitibu, akawafundisha ya kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa pasipo kuuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Mafundisho haya yana mambo mawili. Kwanza, ni bishara: mgonjwa asikate tamaa, maana dawa ya ugonjwa wake imo katika hazina ya Mola wake hata kama bado haijaonekana. Pili, ni amri ya kutafuta: dawa haitaanguka mapajani mwa mtu aliyekaa, bali huonekana na wale wanaotumia akili waliyopewa, usiku na mchana, wakikosea na kurudia tena.

Sasa turudi kwenye hati ya kiwanja. Akija mtu mwaminifu akalifuta jina la tapeli katika hati, je, ameiharibu hati? La hasha! Ameirudisha kama alivyoiandika mwenyewe. Hali kadhalika, kuyaondoa maandishi ya virusi katika chembe ya mgonjwa si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu, bali ni kuondoa kilichovamia umbile hilo. Daktari atoaye risasi katika mwili haitwi mharibifu wa mwili.

Habari ya kuufunga mlango wa CCR5 inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mlango huo umewekwa na Muumba mwenyewe, na wataalamu hawajamaliza kuzijua kazi zake zote. Hata hivyo mgonjwa mzima wa akili, aliyeelezwa faida na hatari, akakubali kwa hiari yake kufungiwa mlango katika damu yake mwenyewe ili apone, hatuoni tofauti kubwa baina yake na yule anayekubali kupasuliwa.

MPAKA USIOFAA KUVUKWA

Lakini upo mpaka, na tayari umekwisha kuvukwa. Mwezi Novemba 2018, mtaalamu wa China aitwaye He Jiankui aliushangaza ulimwengu kwa kutangaza ya kwamba alitumia mkasi huo juu ya mimba tangu mwanzo kabisa wa kuumbwa kwake, na ya kwamba watoto mapacha wa kike walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Kusudi lake, kama alivyosema, lilikuwa kuwafungia mlango wasipate virusi maishani mwao, kwa kuwa baba yao alikuwa navyo. Wataalamu wenziwe ulimwenguni kote walimlaumu, na mwezi Desemba 2019 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu pamoja na faini.

Msomaji atauliza: kwani kosa lilikuwa nini, ikiwa nia ilikuwa kinga? Kosa lilikuwa hivi. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Hawakuulizwa, wala hapana awezaye kumwuliza mtu asiyezaliwa. Kovu la mkasi katika mwili wa mgonjwa mzima huishia kwake, lakini kovu lililotiwa mwanzoni mwa mimba huenda mpaka kwa watoto wake na wajukuu wake, na kama lina madhara, wao ndio watakaoyalipa. Mwili wa mtoto ni amana tuliyokabidhiwa, nao si ubao wa mtu kujifunzia useremala.

Tena, ndugu msomaji, lizingatie jambo hili. Kinga ambayo mtaalamu huyo aliitafuta kwa mkasi, mama mja mzito wa Temeke huipata bila malipo katika kliniki. Akipimwa mapema, akameza vidonge kila siku, na mtoto wake akapewa dawa kama wauguzi wanavyoelekeza, hatari ya mtoto kuambukizwa hupungua ikawa ndogo sana. Na baba mwenye virusi, akimeza vidonge mpaka virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mkewe wanapokutana. Watoto wazima wa wazazi wenye virusi wamejaa katika madrasa na shule zetu. Hakuna mkasi uliowagusa. Waliokolewa na kidonge, na subira ya mama zao.

SOMO LA SAMUNGE

Wala tusidhani ya kwamba uvumi wa dawa ya maponyo ya ghafula ni jambo jipya kwetu. Mwaka 2011 nchi nzima, na nchi jirani pia, ilielekea Samunge, kijiji cha Loliondo, mkoani Arusha. Huko mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema ya kwamba Mungu alimwonyesha katika ndoto kuwa inaponya UKIMWI, kisukari na magonjwa mengine sugu. Magari yalijipanga kilometa nyingi. Wakubwa walikwenda na wadogo walikwenda. Wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini wakapakiwa katika magari, na wengine wakafia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Na waliokunywa, baadhi yao walirudi makwao wakaviacha vidonge, kwa kuwa waliamini wamekwisha kupona.

Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Hatumhukumu, kwa maana yuko mbele ya Mola wake ajuaye nia za mioyo. Lakini tukio lenyewe linatufundisha. Watu wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamechoka: wamechoka na vidonge vya kila siku, wamechoka kujificha, wamechoka kuishi na neno "sugu". Mtu aliyechoka namna hiyo akisikia neno "umepona", hulishika kwa mikono miwili bila kuuliza maswali. Na leo uchovu huo huo ungalipo. Badala ya kikombe, habari ni ya mkasi, na badala ya barabara ya vumbi ya Loliondo, habari huja kwa simu. Waganga nao hawalali. Matangazo yao yamebandikwa katika nguzo za umeme kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Tegeta, na haitakuwa ajabu siku moja kuona mmoja wao ameandika kwamba naye ana "dawa ya jeni".

Basi namna gani mtu wa kawaida atapambanua elimu ya kweli na ya uongo? Ipo alama moja nyepesi. Elimu ya kweli hutangaza hata kushindwa kwake. Hapa kwetu Dar es Salaam, tangu mwaka 2007, askari polisi wapatao 60 walijitolea miili yao kujaribiwa chanjo ya UKIMWI, na watafiti wa Muhimbili wakaeleza waziwazi kile kilichoonekana na kile ambacho hakikuonekana. Tena mwaka 2020 ulianza utafiti mwingine wa chanjo, na watu 1,512 wa Dar es Salaam, Mbeya, Masaka ya Uganda na Durban ya Afrika Kusini wakajitolea. Mwezi Novemba 2023 chanjo ilisimamishwa, kwa sababu ilionekana haitafaulu, na jambo hilo likatangazwa mbele ya ulimwengu. Je, ulipata kumsikia mganga wa nguzo ya umeme akitangaza kwamba dawa yake imeshindwa? Ndugu zetu wale waliojitolea hawakupata chanjo, lakini walitoa sadaka ya miili yao kwa ajili ya watu wasiowajua, nasi tuna wajibu wa kuwashukuru na kuwaombea.

HAKI YA MASKINI

Liko jambo jingine ambalo haifai kulinyamazia. Tuseme Mwenyezi Mungu ameujalia mkasi huo ukafaulu. Je, utafika Chamazi na Tandale?

Tuna mfano wa karibu. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani zilipitisha tiba ya kwanza iliyofanywa kwa mkasi wa CRISPR, nayo ni kwa ajili ya ugonjwa wa selimundu. Bei yake huko Marekani ilitajwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Kwa bei hiyo, dawa imeonekana kwa macho, lakini maskini hajaipata.

Ni kweli ya kwamba wapo waliolifikiria jambo hili. Mwezi Oktoba 2019, taasisi za taifa za afya za Marekani na wakfu wa Gates ziliahidi kila upande kutoa angalau dola milioni 100 katika miaka minne ili kutafuta tiba za vinasaba za selimundu na UKIMWI ambazo zitaweza kutumika hata katika Afrika kusini ya Sahara. Ni jambo jema. Lakini mwezi Januari 2025, serikali hiyo hiyo ya Marekani iliposimamisha ghafula misaada yake ya nje, wagonjwa wengi wa Afrika walilala na swali: je, mwezi ujao nitapata vidonge? Tuseme basi, pasipo kumlaumu mtu, ya kwamba taifa lililoweka uhai wa watu wake katika mfuko wa jirani halina budi kuanza kushona mfuko wake. Na kijana wa Temeke apendaye somo la bayolojia asiambiwe kuwa anapoteza wakati. Mtume wetu (s.a.w.) ameifanya elimu kuwa wajibu wa kila Mwislamu. Huenda mkono utakaoushika mkasi huo kwa faida ya maskini uko sasa katika darasa moja la Mbagala, umekaa watatu katika dawati moja.

MFUNGE NGAMIA WAKO

Tumefika katika swali la tatu, ambalo ndilo kubwa: tufanye nini leo?

Bedui mmoja alimwuliza Mtume Mtukufu (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake, au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akajibiwa ya kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Ewe ndugu unayeishi na virusi, kidonge chako ndicho kamba ya ngamia wako. Itumaini rehema ya Mola wako, omba kila usiku dawa ya maponyo ionekane katika siku zako, nasi tunaomba pamoja nawe. Lakini usiifungue kamba. Mwili utakaofaidi tiba ya kesho ni ule utakaokuwa hai kesho. Kurani Tukufu imetukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe, na mtu aachaye dawa inayojulikana kwa ajili ya dawa ya uvumi amefanya jambo hilo hilo.

Wako wanaoviacha vidonge katika mwezi wa Ramadhani, wakidhani wanafanya ibada. Wajue ya kwamba vidonge vinavyotolewa sasa kwa wagonjwa walio wengi humezwa mara moja tu kwa siku. Aliyeruhusiwa na tabibu wake kufunga aweza kupatana naye kumeza usiku, baada ya futari, saa ile ile kila siku. Na aliyekatazwa kufunga, Mola wake amekwisha kumpa ruhusa katika Kitabu chake, wala asione haya kuipokea.

Sasa neno kwa sisi tusio na virusi, au tusiojua kama tunavyo. Wako watu katika mitaa yetu ambao kliniki iko hatua chache kutoka nyumbani kwao, lakini hawaendi hapo. Mtu wa Mbagala huvuka jiji zima kwenda kuchukua vidonge Kinondoni, na mtu wa Kinondoni huvuka kwenda Temeke, njiani wakapishana. Kwa nini? Ili jirani asiwaone wamekaa katika benchi lile. Basi siku nauli inapokosekana, dawa hukosekana. Siku mvua kubwa inapofunga barabara, dawa hukosekana. Na virusi, ambavyo havijui nauli wala mvua, huamka.

Mtu wa namna hiyo akifa, twasema ameuawa na UKIMWI. Lakini tuulizane kwa haki: vidonge vilikuwepo, tena bila malipo, tangu nchi yetu ilipoanza kuvitoa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Kliniki ilikuwepo. Ni nini basi kilichomkimbiza kutoka kliniki ya mtaani kwake? Ni ulimi wangu na ulimi wako. Ni lile neno tulilosema barazani, "Fulani naye siku hizi amekonda." Ni ile posa iliyovunjwa kwa uvumi. Ni kikombe kilichotengwa peke yake, hali tunajua ya kwamba virusi hivi haviambukizwi kwa kikombe. Mwenyezi Mungu ameifananisha dhambi ya kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa, nasi huenda tulidhani ni mfano tu. Katika jambo hili si mfano tu.

Mgonjwa wa kisukari humeza dawa yake mbele ya wageni, na mwenye shinikizo la damu huomba maji sebuleni, wala hapana anayewanong'ona. Siku mwenye virusi atakapoomba maji sebuleni kwako akameza kidonge chake kwa amani, na wewe ukaendelea na mazungumzo, siku hiyo utakuwa umemtibu, wala hukuhitaji mkasi wa wataalamu. Kurani Tukufu imetufundisha ya kwamba aokoaye nafsi moja ni kana kwamba amewaokoa wanadamu wote. Mlango huo wa thawabu uko wazi, nao hauna bei ya dola.

Maimamu na wazee wa mitaa nao wana sehemu yao. Mgonjwa akija kuomba dua, aombewe kwa moyo wote, na kabla hajaondoka aulizwe kwa upole, "Na vidonge unameza?" Dua na dawa hazikupata kugombana. Aliyetufundisha dua ndiye aliyetufundisha dawa.

Basi, ndugu msomaji, likikufikia tena lile neno la barazani, usilikatae lote wala usilikubali lote. Sema: naam, mkasi upo, unajaribiwa, nasi tunauombea ufaulu kwa njia ya halali na kwa faida ya wote. Kisha msemaji akiuliza, "Basi vidonge vya nini tena?" mjibu: vya kutufikisha huko.

Ee Mwenyezi Mungu, Mponyaji wa kweli, wafungulie watafiti mlango wa maarifa, na uwazuie wasivuke mipaka yako. Wape wagonjwa wetu subira ya kushika dawa iliyo mkononi mpaka uwaonyeshe ile inayotafutwa. Zifunge ndimi zetu zisiwakimbize ndugu zetu kutoka katika rehema uliyowawekea karibu na nyumba zao. Na wale waliokwisha kutangulia, tangu siku za Kagera mpaka leo, uwaghufirie na kuwarehemu. Amin.